Je, chama cha kiraia kinaweza kuendesha makumbusho ndani ya jengo la nyaraka za serikali?

Mwanabandari (mwanzisha mada):

Waungwana wa jukwaa, salaam aleikum na hamjambo nyote.

Mimi ni katibu wa chama kidogo cha historia katika mji mmoja wa Pwani ya Kenya. Kwa miaka tisa tumekuwa tukikusanya picha, barua, hati za forodha na sauti za wazee, na vyote vimelala katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mweka hazina wetu. Mwezi uliopita tulipokea barua kutoka ofisi ya serikali inayotunza nyaraka katika eneo letu. Wana ukumbi wa chini usiotumika, ambao zamani ulikuwa wa kupokelea mafaili, nao wanapendekeza tuugeuze kuwa makumbusho: wao watatoa ukumbi, umeme na mlinzi, na sisi tutaleta vitu, wafanyakazi na fedha za uendeshaji.

Wengi wetu tulifurahi sana. Kisha tukaitisha mkutano, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Miongoni mwa vitu tulivyo navyo ni sanduku la bati la marehemu nahodha mmoja, ambalo familia yake ilituletea likiwa limefungwa kwa kamba ya usumba. Ndani yake mna vibali vya kuondoka bandarini, orodha za shehena za boriti zilizokwenda Ghuba na tende zilizorudi, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mjukuu wa nahodha huyo, ambaye sasa ni bibi wa makamo makubwa, alisimama mkutanoni akauliza: likishaingia jengo la serikali, nitaliona tena? Hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu.

Naomba msaada wa wenye uzoefu. Je, mpango wa namna hii umewahi kufanyika na ukadumu? Nani humiliki vitu vinavyoonyeshwa? Kiingilio kikitozwa, ni cha nani? Na maandishi yanayobandikwa ukutani huandikwa na nani, sisi au wao?

Mtunza Nyaraka Mstaafu:

Mwanabandari, nimeisoma barua yako mara mbili. Nilifanya kazi ya kutunza nyaraka kwa miaka ishirini na saba, nami nitaanza na swali la huyo bibi, kwa sababu majibu ya maswali mengine yote yanalitegemea.

Ndani ya jengo hilo kutakuwa na mali za aina mbili, nazo hazipaswi kuchanganywa hata kwa siku moja. Kuna nyaraka za umma, yaani mafaili, madaftari na ramani zilizozaliwa ndani ya ofisi za serikali. Hizo zinalindwa na Sheria ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, na hakuna ofisa wala chama kinachoweza kujitwalia. Halafu kuna vitu vyenu, ambavyo vimetoka mikononi mwa watu binafsi. Sanduku la nahodha ni la familia hadi familia itie sahihi kwamba imelitoa. Kama limekuja kwenu kwa kuazimwa, andikeni kwamba limeazimwa, kwa muda gani, na kwamba kuwekwa kwake katika jengo la serikali hakumhamishii mtu yeyote umiliki. Karatasi hiyo isainiwe na pande tatu: familia, chama na idara. Ikikosa sahihi ya idara, ofisa atakayehamishiwa hapo miaka kumi ijayo atalikuta sanduku ndani ya jengo lake, na hatakuwa na sababu ya kuamini kwamba si la serikali.

Mfano wa karibu tunao katikati ya Nairobi. Kila mtu anayepanga kukutana na mwenzake mjini husema "tukutane Archives," na wengi husimama nje pale Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, bila kuingia. Jengo hilo lilikuwa la benki kabla ya kuwa makao ya Nyaraka za Taifa. Ukumbi wake wa chini ni jumba la sanaa la Murumbi, na ukipanda ngazi unafika kwenye chumba cha watafiti. Joseph Murumbi alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, akashika wadhifa huo kwa miezi michache tu mwaka 1966, kisha akaacha siasa. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kukusanya: vitabu kwa maelfu, vikiwemo vile adimu vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, barua, nguo, vinyago na vyombo kutoka pande nyingi za Afrika. Serikali ilinunua sehemu kubwa ya mkusanyo huo katika miaka ya 1970.

Sasa sikiliza kilichotokea. Nyumba yake ya Muthaiga nayo aliiuzia serikali, kwa matumaini kwamba ingekuwa kituo cha utafiti wa mambo ya Afrika. Haikuwa hivyo. Nyumba iliachwa ikaharibika, na ardhi ikagawanywa. Murumbi alifariki mwaka 1990, na jumba la sanaa lenye jina lake lilifunguliwa mwaka 2006, miaka kumi na sita baadaye. Lililolifanya lifunguliwe ni kwamba kulikuwa na watu nje ya serikali waliokataa kunyamaza: Wakfu wa Murumbi, ulioongozwa na Alan Donovan, mshirika wake wa zamani katika kuanzisha duka na jumba la African Heritage. Vitu vilikuwa vya serikali tayari, na jengo lilikuwa la serikali. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuamka asubuhi akifikiria namna ya kuvionyesha. Kwa hiyo nakubali kwa moyo wote kwamba chama kama chenu kina nafasi katika jengo la nyaraka. Lakini ahadi ya Muthaiga ilikuwa matumaini ya mwenye nyumba, na matumaini hayakuilinda nyumba.

Nina jambo moja zaidi, nalo ni la funguo. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, kikundi cha wapenzi wa historia kilipewa chumba kwa makubaliano ya mdomo. Ijumaa moja jioni kiyoyozi cha ghorofa ya juu kilianza kudondosha maji juu ya kabati la vioo. Mlinzi aliyaona usiku ule ule, lakini funguo za chumba alikuwa nazo mwenyekiti wa kikundi, na funguo za ghorofa alikuwa nazo ofisa aliyekuwa amekwenda kwao mwisho wa wiki. Jumatatu tulikuta daftari la kodi ya kichwa limevimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, wino wake wa zambarau umesambaa na kufunika majina. Kila upande uliamini kwamba mwingine ndiye mwenye jukumu. Kabla hamjazungumzia fedha, andikeni nani ana funguo zipi, na nani anapigiwa simu saa nane za usiku.

Mkazi wa Sacramento:

Habari zenu. Mimi ni Mkenya ninayeishi Sacramento, makao makuu ya jimbo la California, na ninaandika kwa sababu hapa ninapoishi mpango anaouuliza Mwanabandari upo.

Nyaraka za Jimbo la California ni za tangu mwaka 1850, na sheria ya kwanza kabisa ya bunge la kwanza la jimbo ilihusu nyaraka za umma. Siku hizi zimo katika jengo la ofisi ya Katibu wa Jimbo, kwenye mtaa wa O, ambalo limepewa jina la March Fong Eu, mwanamke aliyeshika wadhifa huo kuanzia mwaka 1975 hadi 1994. Katika majengo hayo hayo kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1998 kwa jina la Golden State Museum, ambayo sasa huitwa California Museum. Nyaraka ni za serikali ya jimbo, lakini makumbusho huendeshwa na shirika lisilo la faida lenye bodi yake. Mgeni hulipa kiingilio, kuna duka, na kuna watu wanaojiandikisha kuwa wanachama na wengine wanaochangia. Uani kuna ukuta mrefu wa ghorofa kadhaa uliochongwa maneno kutoka katiba ya jimbo, na watoto wa shule hukaa chini yake wakila chakula cha mchana.

Kinachonivutia ni jinsi chombo kimoja kilivyoweza kubadilika bila kingine kutikisika. Makumbusho yamebadilishwa jina zaidi ya mara moja. Mwaka 2004, kwa juhudi za Maria Shriver, mke wa gavana wa wakati huo, yalipewa jina lililotaja historia, wanawake na sanaa, na mwaka 2006 yakaanza kuwa nyumba ya California Hall of Fame, ambamo watu mashuhuri wa jimbo huheshimiwa. Katika miaka yote hiyo, mtu aliyetaka faili la kesi ya zamani aliendelea kwenda kwenye chumba cha watafiti na kulipata faili lake.

Hata hivyo, mfano huu pia unaonyesha kwamba makumbusho yakiwa karibu na serikali, yatakuwa karibu na wanasiasa. Wanaoingizwa katika orodha hiyo ya heshima hutangazwa na ikulu ya gavana. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba chama chenu kijue mapema ni milango gani viongozi wa kaunti watapitia, kwa sababu watakuja, hasa mwaka wa uchaguzi.

Fundi wa Maandishi:

Nashukuru kwa mifano hiyo, lakini naona swali la mwisho la Mwanabandari, la nani anaandika ukutani, limepitwa haraka. Kwangu mimi hilo ndilo swali zito kuliko yote.

Tazameni makumbusho ya Rais Nixon huko Yorba Linda, California. Yalifunguliwa mwaka 1990 yakiwa mali ya wakfu binafsi, na chumba chake kuhusu kashfa ya Watergate kilieleza mambo kwa namna ya kumtetea Nixon. Mwaka 2007 taasisi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani ilipoingia na kuyachukua, chumba hicho kiliondolewa, na onyesho jipya lililotegemea rekodi na ushahidi halikufunguliwa hadi mwaka 2011. Ilichukua karibu miaka minne kubadilisha chumba kimoja, na sababu haikuwa uhaba wa mbao wala taa. Watu waliochangia fedha walikuwa na hadithi wanayoipenda, na hadithi hiyo haikulingana na nyaraka.

Sasa mjiulize: itakuwaje siku familia ya mfanyabiashara mkubwa wa mji wenu itakapotoa fedha za kununua makabati, kisha mtafiti wenu akakuta ghorofani faili linaloonyesha jinsi babu yao alivyopata mashamba ya watu? Makubaliano yenu yaseme wazi kwamba mfadhili hutajwa kwenye kibao cha shukrani na si zaidi ya hapo, na kwamba kila maelezo ukutani yataje namba ya faili au jina la msimuliaji yalikotoka. Mgeni akitilia shaka, apande ngazi akaombe faili hilo. Makumbusho mengine hayana bahati hiyo. Yenu yatakuwa na ushahidi ghorofa moja tu juu ya onyesho.

Mtunza Nyaraka Mstaafu:

Ndugu Fundi wa Maandishi, nakuunga mkono, ila nisingependa Mwanabandari aelewe kwamba hatari hutoka upande wa wafadhili peke yao. Mwaka 2020 taasisi hiyo hiyo ya Nyaraka za Taifa, katika jengo lake la Washington, iliomba radhi hadharani. Katika onyesho kuhusu miaka 100 ya haki ya wanawake kupiga kura, walikuwa wameweka picha kubwa ya maandamano ya wanawake ya Januari 2017, na wakafifisha maneno kwenye mabango yaliyomkosoa rais aliyekuwa madarakani. Picha hiyo haikuwa waraka wa hifadhi yao, ilikuwa ya kupamba mlango wa onyesho tu, nao walidhani kwa kufanya hivyo wanakwepa siasa. Gazeti likaandika, na wakakiri kwamba wamekosea. Hapo hapakuwa na mfadhili aliyelazimisha. Walikuwa watumishi wa umma wenye nia ya kutomuudhi mtu.

Ndiyo maana napendekeza kamati ndogo ya maandishi, yenye watu wa pande zote mbili na angalau mwanahistoria mmoja asiyelipwa na upande wowote, na kila mabadiliko ya maneno yaandikwe kwenye daftari pamoja na sababu yake.

Mfano wa Washington una fundisho jingine pia, kuhusu mgawanyo wa kazi. Azimio la Uhuru, Katiba na Sheria ya Haki vimo katika ukumbi wa duara wa jengo hilo, na anayevitunza ni serikali. Pembeni yake kuna wakfu usio wa faida, ulioanzishwa mwaka 1992, ambao hutafuta fedha za maonyesho na elimu na huendesha duka. Kuingia ni bure. Nyumba ya sanaa iliyofunguliwa hapo mwaka 2013, yenye moja ya hati asilia za mwaka 1297 za Magna Carta, mkataba wa kale wa haki wa Uingereza, ilijengwa kwa mchango mkubwa wa tajiri David Rubenstein, na waraka huo ni wake yeye, amewaazima tu. Tazama basi: katika jengo lenye ulinzi mkali kama lile, kitu cha mtu binafsi kinakaa kwa hati ya kuazimwa, kama ninavyotaka sanduku la nahodha likae.

Na tafadhali msionyeshe hati asilia mwaka mzima. Azimio la Uhuru lilining'inizwa mahali penye mwanga kuanzia mwaka 1841 hadi 1876, na leo wino wake umefifia kiasi kwamba mtu husoma kwa shida, ingawa sasa limefungiwa ndani ya gesi ya argoni na taa zimepunguzwa. Toeni nakala nzuri ya rangi, iwekeni kwenye kabati, na andikeni waziwazi kwamba ni nakala. Hati asilia itoke kwa wiki chache, kisha irudi gizani. Kwa hewa ya Pwani yenye chumvi na unyevu, hilo ni la lazima.

Mhasibu wa Vyama:

Nitajibu la fedha, na nitajaribu kutokuwa mrefu.

Ada zinazotozwa na idara za serikali ya Kenya siku hizi hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo, na huingia hazina. Kwa hiyo kiingilio kikikatwa kwa jina la idara, msitarajie kukiona kikirudi kulipa mshahara wa mwongozaji wageni. Kama mnataka kiingilio kiwe cha chama, makubaliano yaseme kwamba idara imewaruhusu kuendesha ukumbi, kwamba chama ndicho kinachotoza, na kwamba kila mwaka mtakabidhi hesabu zilizokaguliwa. Mimi binafsi ningependekeza kuingia kuwe bure kwa wanafunzi na wakazi, na mapato yatoke kwenye ziara za kuongozwa, duka la nakala za picha na michango.

Angalieni pia usajili wenu. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024, na chama kilichosajiliwa kama chama cha kawaida hakigeuki chenyewe kuwa shirika chini ya sheria hiyo. Wafadhili watauliza cheti kabla ya kuuliza jambo jingine lolote. Na katiba yenu iseme nini kitatokea chama kikivunjika: vitu vilivyoazimwa virudi kwa wenyewe ndani ya muda uliotajwa, na vilivyotolewa moja kwa moja viende wapi. Nimeona vyama vitatu vikifa, na vyote vilikufa baada ya katibu mmoja mwenye bidii kuhama mji.

Jambo la mwisho ni saa za kufungua. Ofisi za serikali hufungwa saa kumi na moja jioni na hazifunguliwi Jumamosi, ilhali watu wanaotaka kutembelea makumbusho huwa na nafasi Jumamosi. Mkikubali ukumbi bila kupata mlango wa nje wa kwenu, mtakuwa na makumbusho yanayofungwa kila wageni wanapofika.

Mwanabandari:

Waungwana, nimewasoma nyote, na jana jioni niliyachapisha majibu yenu nikayasoma mbele ya kamati.

Tumeamua kuijibu idara kwamba tunakubali ukumbi, ila tunaomba makubaliano ya maandishi ya miaka mitano yenye mambo haya: vitu vyetu viingie kwa hati za kuazimwa zenye sahihi tatu, mlango wa upande wa barabara ufunguliwe ili tuweze kupokea wageni Jumamosi, funguo ziwe seti mbili na orodha ya simu ibandikwe kwenye kibanda cha mlinzi, na kuwe na kamati ya maandishi kama alivyoshauri Mzee Mstaafu. Wengine wawili katika kamati bado wanataka kiingilio kwa kila mtu. Tutaendelea kuzungumza.

Leo asubuhi nilikwenda kwa bibi, mjukuu wa nahodha, nikamsomea rasimu ya hati ya kuazima. Aliniomba nirudie sentensi inayosema kwamba anaweza kulifungua sanduku siku yoyote ya kazi, kisha akaomba jina la babu yake liandikwe kwa herufi za Kiarabu pia, kama alivyokuwa akitia sahihi mwenyewe. Jumamosi tunaanza kuorodhesha vilivyomo, karatasi moja baada ya nyingine. Nina swali dogo kwa Mzee Mstaafu: vibali vingi vimeshikizwa kwa pini zilizoshika kutu na zimeganda kwenye karatasi. Tuziache au tuzitoe?

Mtunza Nyaraka Mstaafu:

Mzitoe, lakini msizivute. Ingizeni kipande chembamba cha plastiki laini kati ya pini na karatasi, kwanza upande wa chini, kisha wa juu, ili karatasi ilindwe pande zote mbili. Inyanyueni ncha moja taratibu hadi kutu iachie, kisha iteremsheni pini ndani ya sahani. Ikikataa, iacheni na muiandike hivyo kwenye orodha. Kabla ya kutenganisha karatasi, wekeni namba ya penseli kwenye kona ya kila moja, kwa sababu pini hiyo ndiyo inayowaonyesha kwamba nahodha alizitunza pamoja.

Na lipigeni picha sanduku lenyewe kabla ya kuikata kamba ya usumba.

Mwanabandari:

Kamba hatutaikata. Bibi amesema ataifungua mwenyewe.